Mtamba pacha asiyezaa: Uamuzi wa seli unaowatia hasara wafugaji Shinyanga

Na Mwandishi Wetu

Shinyanga. Mtamba anaingizwa mnadani Mhunze, wilayani Kishapu, akiwa na kila kinachovuta macho ya mnunuzi. Mgongo umenyooka, ngozi inang'aa, nundu imesimama, mapaja yamejaa. Ana miaka mitatu na ushee. Mwenye ng'ombe anataka bei ya mtamba wa kuzaa, si bei ya nyama.

Mnunuzi mzoefu hafungui mfuko haraka. Anazunguka nyuma, ananyanyua mkia, anapapasa chuchu. Chuchu bado ni za ndama. Chini ya uke pananing'inia kishungi cha nywele ndefu kuliko kawaida. Anaushusha mkia, anaaga kwa heshima na kwenda zake.

Anayefika baada yake hajui alama hizo. Analipa, anampeleka nyumbani na kusubiri. Mwaka unapita, mtamba haonyeshi joto. Dume anamnusa na kumwacha. Mwaka wa pili majirani wanaanza kunong'ona juu ya jicho baya, na mganga anaitwa.

Mara nyingi mganga haitajiki. Jibu lipo katika swali moja ambalo halikuulizwa siku ya mnada: ng'ombe huyu alizaliwa peke yake, au alizaliwa pacha na dume?

Si uchawi, ni damu

Ng'ombe jike aliyezaliwa pacha na dume, katika zaidi ya asilimia 90 ya mimba za namna hiyo, huwa tasa tangu tumboni. Hakuna dawa ya kumzalisha, iwe ya duka la mifugo au ya miti shamba. Ovari zake hazikukamilika, mji wa mimba haupo au umebaki uzi mwembamba, na uke wake ni mfupi.

Daktari wa Kiskoti, John Hunter, alieleza hali hiyo mbele ya Jumuiya ya Kifalme ya Sayansi mjini London mwaka 1779, baada ya kuwapasua ng'ombe wa aina hii na kuona viungo vyao vya ndani. Aliona kilichotokea. Sababu yake ilisubiri zaidi ya karne moja.

Mwaka 1916 na 1917, Frank Lillie wa Chuo Kikuu cha Chicago, Marekani, alichunguza mimba za mapacha zilizopatikana katika machinjio ya jiji hilo. Wakati huohuo, Keller na Tandler wa Vienna, Austria, walikuwa wamefikia jambo lilelile. Waligundua kwamba kondo za ndama hao wawili hukutana mapema sana na mishipa yake ya damu huungana. Damu ya dume hupita kwa jike, na ya jike kwa dume.

Lillie akapendekeza kwamba korodani changa za dume humwaga kitu ndani ya damu hiyo ya pamoja, na kitu hicho huvuruga ujenzi wa viungo vya uzazi vya dada yake.

> Zaidi ya asilimia 90 ya majike wanaozaliwa pacha na dume hawatazaa kamwe.

Njia panda ya seli

Ili kuelewa uharibifu huo, inabidi kurudi siku za mwanzo za mimba. Ng'ombe hubeba mimba kwa siku 283 hivi. Katika wiki tano za kwanza, kiinitete cha dume na cha jike havitofautiani kwa umbo. Vyote vina jozi ya tezi changa za uzazi ambazo si korodani wala si ovari, lakini zina uwezo wa kuwa chochote kati ya hivyo viwili.

Seli za tezi hizo ziko mahali ambapo basi litokalo Shinyanga mjini hufika Tinde: barabara moja inakwenda Kahama, nyingine inakwenda Nzega, na dereva lazima akate kona.

Kwa mamalia, anayekata kona ni jeni moja iliyopo kwenye kromosomu Y. Inaitwa SRY. Iligunduliwa mwaka 1990 na watafiti wa London, wakiwamo Andrew Sinclair, Peter Goodfellow na Robin Lovell-Badge. Mwaka uliofuata, panya jike kwa kromosomu waliopandikizwa jeni hiyo walikua na korodani.

Kwa ng'ombe, SRY huamka karibu na siku ya 40 ya mimba. Huiamsha jeni nyingine, SOX9, na seli zinazolea mayai au mbegu huanza kuwa seli za Sertoli, ambazo hujipanga na kujenga korodani. SRY isipokuwapo, jeni nyingine kama WNT4, RSPO1 na FOXL2 hushika usukani na seli zilezile huwa za granulosa, walezi wa mayai ndani ya ovari.

Kwa miaka mingi ilidhaniwa kwamba ovari hutokea tu kwa sababu hakuna kilichoizuia. Sasa inajulikana kuwa ovari nayo hujengwa kwa juhudi, na hulindwa maisha yote. Mwaka 2009, watafiti walizima FOXL2 katika panya jike waliokwisha kukua. Seli za ovari zao zikaanza kugeuka kuwa za korodani. Mwaka 2011 ikaonekana kinyume chake: panya dume walioondolewa jeni ya DMRT1, seli zao za korodani zilielekea kuwa za ovari.

Kwa hiyo dereva aliyekwisha kupita Tinde bado anaweza kugeuza gari. Seli haikai upande wake kwa sababu tu ilizaliwa huko. Hukaa kwa sababu kila siku kuna kinachoizuia kurudi.

Ujumbe wa kaka

Sasa turudi kwa mapacha. Mishipa ya kondo zao huungana kati ya siku ya 30 na ya 40 hivi, yaani kabla au karibu na wakati wa uamuzi. Dume hutangulia. Korodani zake zikishajengwa, seli za Sertoli huanza kutoa homoni.

Homoni hiyo ilitabiriwa na Mfaransa Alfred Jost mwaka 1947. Alifanya upasuaji kwa vijusi vya sungura wakiwa bado tumboni, akawatoa tezi za uzazi. Wote, hata waliokuwa na kromosomu za kiume, walikuza mirija ya kike. Alipowapa testosteroni, mirija ya kiume ilibaki, lakini ya kike haikuondoka. Akahitimisha kwamba korodani hutoa kitu cha pili, chenye kazi ya kufuta mirija ambayo ingekuwa mji wa mimba.

Kitu hicho leo kinaitwa AMH. Jeni yake, ya ng'ombe na ya binadamu, ilisomwa mwaka 1986. Ni homoni hiyohiyo ambayo siku hizi hupimwa katika kliniki za uzazi ili kukadiria akiba ya mayai ya mwanamke.

Kwa dume, AMH inafanya kazi yake halali. Kwa dada aliyeunganishwa naye kwa damu, inafika mahali isipotakiwa. Mji wa mimba unaanza kufutika. Ovari zinasimama kukua. Seli za mayai zinakufa. Seli za ulezi, zikiwa zimebaki bila mayai ya kulea na zikipokea ujumbe wa korodani kila saa, huanza kujipanga katika vijifereji vinavyofanana na vya kiume. Havina mbegu, kwa hiyo havina kazi.

Jeni za jike huyo hazikuwa na kasoro. Kilichobadilika ni ujumbe uliomfikia.

> Jike huyo hana kasoro ya jeni. Alipokea kwa damu ujumbe uliokuwa wa kaka yake.

Wanasayansi walipovutana

Maelezo ya homoni hayakukubaliwa na wote. Mwaka 1945, Ray Owen wa Chuo Kikuu cha Wisconsin alichunguza damu ya ng'ombe mapacha na kukuta jambo la ajabu: kila mmoja alikuwa na seli za damu za mwenzake, na aliendelea kuwa nazo maisha yake yote.

Hapo likazuka swali. Je, jike anaharibiwa na homoni za kaka, au na seli za kaka zenye kromosomu Y zilizohamia kwake? Wapo waliotetea upande wa seli kwa miaka mingi.

Mwaka 1990 jaribio moja liliupa nguvu upande wa homoni. Panya jike walitengenezwa wakitoa AMH nyingi bila kuwa na seli yoyote ya dume. Walizaliwa bila mji wa mimba. Ovari zao zilipoteza mayai, na baadhi zikaonyesha vijifereji vya kiume. Homoni peke yake ilitosha kuleta sehemu kubwa ya madhara.

Hata hivyo seli zilizohama nazo zina thamani yake: ndizo zinazotumika leo kumtambua jike wa aina hii. Kipimo cha maabara kikikuta kromosomu Y ndani ya damu ya mtamba, jibu limepatikana.

Ugunduzi wa Owen ulizaa jambo kubwa zaidi. Peter Medawar na wenzake Uingereza waliwapandikizia ng'ombe mapacha ngozi ya wenzao na kuona miili haiikatai. Kutoka hapo walifungua njia ya kuelewa namna mwili unavyojifunza kuvumilia kiungo cha mwingine. Medawar na Frank Macfarlane Burnet walipata Tuzo ya Nobel mwaka 1960. Wagonjwa wanaopandikizwa figo Muhimbili na Dodoma wananufaika na elimu iliyopita katika zizi la ng'ombe mapacha.

Hasara inamwangukia nani?

Kwa ng'ombe wetu wa asili, zebu wenye nundu, kuzaa mapacha ni nadra. Kwa ng'ombe wa maziwa aina ya Friesian ni jambo la kawaida zaidi, kati ya asilimia 3 na 5 ya uzazi. Kadiri wafugaji wa Shinyanga, Kahama na Geita wanavyoleta damu ya kisasa kwa madume bora na kwa uhimilishaji, mapacha nao watazidi kuonekana mazizini.

Kwa mfugaji anayemiliki ng'ombe mia mbili, mtamba mmoja tasa ni hasara anayoweza kuimeza. Kwa familia yenye mtamba mmoja aliyenunuliwa kwa akiba ya pamba au ya dhahabu, ni maziwa ya watoto na ada ya shule.

Zebu jike huzaa mara ya kwanza akiwa na miaka mitatu hadi minne au zaidi. Maana yake, mfugaji anaweza kumlisha ng'ombe asiyezaa kwa miaka mitano kabla ya kukata tamaa. Kiangazi cha Shinyanga hakina majani ya kuchezea. Ngitili, malisho yanayotengwa kwa ajili ya miezi ya ukame, ina kikomo, na kila mdomo usiozalisha unapunguza malisho ya mwingine.

Katika mpango wa kopa ng'ombe lipa ng'ombe, mkopaji hulipa kwa mtamba wa kwanza anayezaliwa. Akilipa kwa jike aliyezaliwa pacha na dume, familia inayofuata inapokea deni badala ya mtaji.

Lakini penye maumivu zaidi ni mahari. Kwa Wasukuma, ng'ombe wa mahari hahesabiwi kwa kichwa tu. Anahesabiwa kwa uzao unaotarajiwa, kwa kuwa uzao huo ndio utakaomwoza kaka wa binti baadaye. Mtamba tasa akiingia katika kundi hilo, ukwe unaingia doa, na upande mmoja unaamini umedharauliwa kwa makusudi hata kama mwoaji hakujua.

Muuzaji na mnunuzi, nani ana haki?

Wapo wauzaji wanaoshikilia kwamba mnada ni macho: mnunuzi ametazama, ameridhika, amelipa. Wanauliza kwa nini wao wabebe lawama ya jambo lililofanyika tumboni. Wengine kweli hawajui, kwa sababu ng'ombe amepita mikononi mwa watu kadhaa, na pacha wake alikufa au aliuzwa zamani.

Wanunuzi wanaona vingine. Anayetaja bei ya ng'ombe wa kuzaa huku akijua aliuza pacha wa dume mwaka jana, wanasema, ameiba mchana kweupe.

Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, inatoa mwanga. Kuficha kwa makusudi jambo unalolijua ni udanganyifu, na aliyedanganywa anaweza kuutengua mkataba. Lakini kunyamaza tu, kwa kawaida, hakuhesabiwi kuwa udanganyifu, isipokuwa pale ambapo mazingira yanamlazimu mtu aseme, au ambapo ukimya wake unabeba maana ya jibu.

Ndiyo maana mnunuzi asikae kimya. Aulize waziwazi, mbele ya mashahidi, kabla ya kulipa: je, alizaliwa pacha? Mwenzake alikuwa dume? Jibu la uongo kwa swali hilo linampa mahali pa kusimama.

Namna ya kumtambua mapema

Hakuna sababu ya kusubiri miaka mitano. Ndama jike wa wiki moja hadi nne anaweza kupimwa na ofisa mifugo kwa kijiti laini cha plastiki, chenye ncha ya mviringo, kilichosafishwa na kupakwa mafuta. Kwa ndama wa kawaida, kijiti huingia ukeni sentimita 13 hadi 15. Kwa asiyezaa, hugota kwenye sentimita 5 hadi 8. Kazi hii isifanywe na asiyefundishwa, kwani ndama anaweza kujeruhiwa.

Alama za nje husaidia, ingawa hazitoshi peke yake: kishungi kirefu cha nywele chini ya uke, kinembe kilichokua kupita kiasi, na baadaye chuchu zisizokua.

Majike wachache, chini ya mmoja kati ya kumi, huokoka kwa kuwa mishipa ya kondo zao haikuungana. Hao huzaa vizuri. Kipimo ndicho kinachowatenganisha na wengine, hivyo mfugaji asimchinje kila jike pacha kwa kukisia.

Upo pia upande wa pili wa jambo hili: wakati mwingine pacha dume hufa na kutoka mapema, na jike huzaliwa peke yake akiwa tayari ameathirika. Kwa hiyo mtamba yeyote aliyepitisha umri bila kupandwa anastahili kupimwa kabla ya kutuhumu jirani.

> MAMBO YA KUKUMBUKA
> • Mapacha jike kwa jike, na dume kwa dume, hawana tatizo hili.
> • Jike aliyezaliwa pacha na dume apimwe kabla ya mwezi mmoja.
> • Kwa mbuzi na kondoo hali hii hutokea mara chache.
> • Hakuna dawa. Kuna uamuzi wa mapema tu.

Tasa si bure

Jike huyu ana kazi. Hunenepa vizuri na nyama yake ni safi. Miji ya dhahabu, kuanzia Kahama, Masumbwe na Katoro hadi Geita mjini, inahitaji nyama kila siku, na mfugaji anayejua mapema anaweza kumnenepesha na kumuuza kwa bei halali ya nyama. Wengine humfundisha kuvuta plau pamoja na maksai.

Ubishi uliopo ni kati ya wanaotaka auzwe angali mdogo, kabla hajamaliza majani, na wanaotaka akue kwa kuwa uzito ndio fedha. Kwenye malisho haba, wa kwanza wana hoja nzito. Penye pumba, mashudu ya pamba na maji, wa pili wana yao. Wote wawili wanahitaji kitu kimoja: kujua mapema wanafuga nini.

Kulwa na Doto wasiguswe

Katika ukanda huu, mapacha wa binadamu huitwa Kulwa na Doto, na mtoto anayewafuata huitwa Shija. Mfugaji aliyeona mtamba pacha akishindwa kuzaa anaweza kumtazama Doto wa kike, aliyezaliwa pamoja na Kulwa wa kiume, kwa wasiwasi uleule.

Wasiwasi huo hauna msingi. Kwa binadamu, mapacha wa kiume na wa kike kwa kawaida hawaunganishi damu tumboni kwa namna ya ng'ombe. Msichana huyo ana mji wa mimba na ovari zake kamili. Asikataliwe posa, asipunguziwe mahari, asiitwe jina baya.

Mwanamke aliyezaa mabinti watupu naye asisimangwe. Kwa mwanadamu uamuzi wa tezi hizi hufanyika katika wiki ya sita hadi ya saba ya ukuaji wa mimba, na jeni ya SRY inayouanzisha huja na mbegu ya baba. Mama hana kromosomu Y ya kutoa.

Wapo pia watoto wachache wanaozaliwa na maumbile ambayo mkunga hawezi kusema papo hapo kama ni wa kike au wa kiume. Chanzo ni hatua hizihizi za seli na homoni, si laana wala kosa la mzazi. Mtoto huyo apelekwe haraka hospitali kubwa kama Bugando, Mwanza, kwa sababu baadhi yao mwili hupoteza chumvi na wanaweza kufariki ndani ya wiki chache wasipotibiwa. Kumficha ndani ni kumweka hatarini.

Kinachoweza kufanyika sasa

Tanzania ina zaidi ya ng'ombe milioni 30 na ni miongoni mwa nchi zenye mifugo mingi zaidi Afrika. Ina Sheria ya Utambuzi, Usajili na Ufuatiliaji wa Mifugo, Namba 12 ya mwaka 2010, na ng'ombe wanavishwa heleni. Heleni inayomtaja mmiliki inaweza pia kubeba taarifa moja fupi: amezaliwa peke yake au pacha, na mwenzake alikuwa jinsia gani.

Taarifa hiyo haigharimu dawa wala chanjo. Ikiandikwa siku ndama anapozaliwa, itamfuata hadi mnadani, hadi kwenye mahari, hadi kwa mkopaji wa ng'ombe. Muuzaji mwaminifu atalindwa nayo, na mnunuzi maskini hatalazimika kutegemea macho ya mtu mwingine.

Maofisa mifugo wa kata wafundishwe kipimo cha kijiti na wapewe vifaa. Viongozi wa minada waweke utaratibu wa kuuliza swali la pacha kabla risiti haijaandikwa. Wazee wanaosimamia mahari waliingize swali hilo katika mazungumzo yao, ili ukwe usianze na shaka.

Seli za ndama hufanya uamuzi wake gizani, kabla mfugaji hajajua kama ng'ombe wake ana mimba, naye hawezi kuubadili. Bei, ukweli wa mnadani na heshima ya mwanamke huamuliwa na watu wazima mchana, na hayo yote yamo mikononi mwetu.